Urithi, Jua na Saratani ya Damu: Jambo Linalovihusu Visiwa Vyetu

Miongoni mwa maradhi yanayotajwa kwa sauti ya chini katika nyumba zetu, saratani ya damu iko mbele. Mgonjwa huanza kwa uchovu na homa, ngozi ikapauka, fizi zikatoa damu, mifupa ikauma. Na aghalabu jamaa zake hujiuliza maswali mawili: ugonjwa huu umetoka wapi, na kwa nini umemwandama huyu ukamwacha ndugu yake aliyekula naye sahani moja? Swali la kwanza wataalamu walianza kulijibu tangu zamani. La pili limeanza kupata jibu katika miaka ya karibuni, na sehemu moja ya jibu hilo inavihusu Visiwa vya Komoro, kusini ya bahari yetu hii hii, kwa watu ambao ni ndugu zetu wa damu, wa lugha na wa dini. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tulieleze jambo hili kwa kirefu, ili wananchi walielewe na wakuu wa Serikali walipime.

UGONJWA WENYEWE

Damu ya binadamu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Humo zimo chembe mama chache ambazo kazi yake ni kuzaa chembe nyingine usiku na mchana: chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na vigandishi vinavyoziba jeraha. Saratani ya damu huanza pale chembe moja ya uboho inapopotoka, ikazaa bila ya mpango chembe changa zisizokomaa wala kufanya kazi, hata zikaujaza uboho na kuzisonga zile zilizo nzima. Ndipo mgonjwa anapokosa damu nyekundu akachoka, anapokosa askari wa mwili akashikwa na homa kila mara, na anapokosa vigandishi akatokwa na damu pasipo jeraha kubwa.

Upotofu wa chembe hautokei hivi hivi. Ndani ya kila chembe mna maandishi ya urithi, ambayo wataalamu huyaita DNA: uzi mwembamba mno wenye herufi kiasi cha bilioni tatu, na ndani yake jeni takriban 20,000, ambazo kila moja ni agizo la kazi fulani. Maandishi hayo yakikosewa mahali pabaya, agizo la “zaa” laweza kubaki bila ya agizo la “acha”. Hiyo ndiyo asili ya saratani zote, na ya damu ni mojawapo.

Yako mambo yanayojulikana kuwa huyaharibu maandishi hayo. Baada ya miji ya Hiroshima na Nagasaki kupigwa kwa mabomu ya atomiki mwezi wa Agosti 1945, saratani ya damu ilikuwa miongoni mwa saratani za mwanzo kuongezeka kwa walionusurika, na miaka michache tu ilikuwa imepita. Kemikali iitwayo benzeni, ambayo imo ndani ya petroli, imethibitishwa kusababisha saratani hiyo kwa wafanyakazi walioivuta kwa muda mrefu. Na hapa tungependa kuwakumbusha vijana wetu wanaofyonza petroli kwa mdomo kutoka katika pipa kwamba mchezo huo si wa kuchezwa. Hata baadhi ya dawa zinazotumiwa kutibu saratani nyingine zaweza kuleta saratani ya damu baada ya miaka.

Lakini si kila aliyepata madhara haya aliugua. Hapo ndipo linapoingia suala la urithi.

MAFUNDI WASIOLALA

Yafaa ifahamike kwamba DNA hudhurika kila siku kwa kila mtu, awe mkulima, mvuvi au karani. Jua huigusa katika ngozi. Moshi huigusa katika mapafu. Hata hewa tunayoivuta na chakula tunachokila, vikitumika mwilini, huacha mabaki yanayoikwaruza. Hesabu ya majeraha hayo ni maelfu kwa maelfu kwa siku moja katika chembe moja. Lau kama pasingekuwa na matengenezo, hapana kiumbe ambaye angeishi.

Matengenezo hayo yapo. Mwaka 2015 Nishani ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa Tomas Lindahl wa Sweden, Paul Modrich wa Marekani na Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, kwa kazi yao ya kueleza jinsi mwili unavyoikarabati DNA yake. Walionyesha kwamba ndani ya kila chembe mna mafundi, nao ni protini za namna mbalimbali, na kila kundi la mafundi lina aina yake ya jeraha linalolishughulikia.

Watu wa pwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jahazi linapopandishwa pwani, fundi hupita akigonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Akiusikia ubao uliooza, haupaki rangi juu yake. Huukata kipande kizima, akachonga kingine kwa kufuata vipimo vya mbao zilizobaki, akakipachika na kukitia kalafati. Namna moja ya matengenezo ya DNA hufanyika vivyo hivyo: protini moja hulitambua jeraha, nyingine huufungua uzi, nyingine huukata upande huu na upande huu kwa kiasi cha herufi 30 hivi, na nyingine huandika upya kwa kunakili uzi wa pili ulio mzima, kisha ncha zikaungwa. Yule mkaguzi wa kwanza anayepita akigonga mbao huitwa XPC. Akikosekana yeye, mafundi wengine wote wapo, zana wanazo, lakini hapana wa kuwaambia kuwa ubao umeoza.

HABARI KUTOKA NZWANI NA MAORE

Tangu mwaka 1870 madaktari wa Ulaya, kwa kalamu ya Moritz Kaposi wa Vienna, walikwisha kuueleza ugonjwa wa ngozi ambao baadaye uliitwa zeroderma pigmentosamu. Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa mzima. Kabla hajatimiza miaka miwili, uso wake, masikio na mikono huanza kutoka madoadoa meusi mithili ya mtu mzima aliyefanya kazi juani umri wake wote. Macho yake hayaustahimili mwanga. Hutoka machozi na kuwa mekundu. Wasipokingwa na jua, wagonjwa hawa hupata saratani ya ngozi wakiwa wangali wadogo: wastani wa umri wa saratani ya kwanza ni chini ya miaka 10, na hatari yao kabla ya kutimiza miaka 20 imekadiriwa kuwa mara 10,000 ya watu wengine. Mwaka 1968 James Cleaver wa San Francisco aligundua chanzo chake: chembe za wagonjwa hawa hazina uwezo wa kuitengeneza DNA iliyopigwa na miale ya jua. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwa binadamu kwamba kukosa ukarabati wa DNA huzaa saratani.

Ugonjwa huu ni nadra sana. Katika Marekani hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila milioni moja. Katika Afrika ya Kaskazini na Japani ni mwingi zaidi. Kwa muda mrefu vitabu vya udaktari viliusema kana kwamba ni jambo la watu weupe, kwa dhana kwamba ngozi nyeusi hujikinga yenyewe.

Dhana hiyo ilivunjika mwaka 2011. Watafiti wakiongozwa na François Cartault walitangaza kwamba katika watu wa Komoro, waliowachunguza kisiwani Maore, ugonjwa huu unapatikana kwa kiasi cha mtoto mmoja katika kila 5,000 hivi, kiasi ambacho hakijapata kuonekana mahali pengine popote duniani. Wagonjwa walikuwa na kasoro moja ile ile katika jeni ya XPC. Badiliko la herufi moja tu, mahali ambapo agizo la jeni hukatwa na kuungwa, likatosha kumwondoa mkaguzi asiwepo kabisa. Kasoro hiyo imenasibishwa na kisiwa cha Nzwani. Umri wake ulikadiriwa kuwa karne nane hivi, na nasaba za wagonjwa zikaonekana kuwa ni za Kibantu.

Na tuyatafakari maneno hayo. Karne nane ni zama za kustawi kwa Kilwa, wakati majahazi yakipanda na kushuka pwani yote hii. Mtu mmoja katika zama hizo, mwanamume au mwanamke, alibeba badiliko hilo bila ya kujua na bila ya kudhurika nalo, akawarithisha wanawe, nao wanawe wao. Na kwa kuwa kisiwa ni kidogo na watu wake huoana wao kwa wao, baada ya vizazi vingi wajukuu waliobeba kasoro ile ile walikutana katika ndoa. Hapana aliyetenda dhambi wala aliyelogwa. Ni hesabu ya urithi, na visiwa kokote duniani huijua hesabu hiyo.

KUTOKA NGOZINI HADI KATIKA DAMU

Msomaji atauliza: haya ya ngozi na jua yanahusiana vipi na saratani ya damu, na uboho umefichika ndani ya mifupa ambako jua halifiki?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Kwa miaka mingi wagonjwa wa zeroderma pigmentosamu walikuwa wakifa kwa saratani za ngozi mapema mno, hata hapakuwa na nafasi ya kujua yatakayowapata baadaye. Familia zilipojifunza kuwakinga na jua, kwa mavazi, mafuta ya kujipaka na madirisha yenye utando, watoto wakakua wakawa vijana. Ndipo madaktari walipoanza kuona jambo jipya. Mwaka 2019 Alain Sarasin na wenzake nchini Ufaransa walieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa hawa, wale waliokosa XPC walikuwa katika hatari kubwa isiyo ya kawaida ya kupata maradhi ya uboho na saratani kali ya damu, wakiwa bado vijana. Chembe zao za saratani zilikuwa na kromosomu zilizovurugika na jeni iitwayo TP53, ambayo ni breki ya chembe, ikiwa imeharibika. Na saratani za namna hiyo ni ngumu kutibika.

Mwaka 2020 uchunguzi mwingine ulisoma maandishi ya DNA ya uvimbe na saratani za ndani za wagonjwa hao, zikiwamo saratani sita za damu. Makosa yaliyopatikana yalikuwa, kwa wastani, mara 25 ya yale yanayopatikana katika saratani za damu za watu wengine, na yalikuwa na alama moja inayofanana. Maana yake ni kwamba mkaguzi XPC hakuwekwa kwa ajili ya jua tu. Hupita pia katika uboho, akitafuta majeraha yanayotokana na kemikali za ndani ya mwili wenyewe na za nje. Asipokuwepo, majeraha hayo hujikusanya mwaka baada ya mwaka katika chembe mama za damu, hata siku moja moja ya chembe hizo ikapotoka.

Hapa pana funzo la kusikitisha na la kutia nguvu kwa pamoja. Mzazi aliyefanikiwa kumwokoa mwanawe na jua asidhani kazi imekwisha. Lakini ugonjwa wa uboho kwa kawaida haushuki kwa ghafula; mara nyingi hutanguliwa na kupungua kwa chembe za damu, na upungufu huo huonekana kwa kipimo chepesi cha kuhesabu chembe za damu, ambacho hakihitaji mashine za ajabu. Kijana ajulikanaye kuwa na kasoro ya XPC akipimwa damu kila baada ya muda maalumu, daktari huweza kuuona mwanzo wa shari kabla haijawa shari.

SI UGONJWA HUO PEKE YAKE

Makundi mengine ya mafundi yakikosekana, madhara hufanana na hayo. Mwaka 1927 daktari wa watoto wa Uswisi, Guido Fanconi, alieleza ugonjwa wa watoto waliopungukiwa na damu tangu utotoni, wengine wakiwa wafupi na wenye kasoro za vidole gumba. Leo twajua kwamba watoto hao hawawezi kuyatengeneza majeraha yanayozifunga pamoja nyuzi mbili za DNA, na hatari yao ya kupata saratani kali ya damu ni mara mamia ya watoto wengine. Ugonjwa huu nao una kasoro yake ya kale katika watu weusi wa kusini mwa Afrika, katika jeni iitwayo FANCG, iliyotoka kwa mzee mmoja wa kale na kuenea pamoja na wazao wake.

Kuujua ugonjwa wa Fanconi kabla ya matibabu ni suala la uhai. Mgonjwa wa aina hiyo akipewa dawa za saratani kwa vipimo vya kawaida, dawa zile zile zilizokusudiwa kumponya huweza kumwua, kwani kazi yake ni kuijeruhi DNA, naye hana fundi wa kuitengeneza. Daktari anayejua hupunguza kipimo na kuchagua njia nyingine. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba elimu hii ni ya anasa, isiyofaa kwa nchi zenye hospitali chache. Kinyume chake, palipo na hospitali chache ndipo pasipostahili kosa.

Hata hivyo yatupasa kuweka mpaka. Kasoro tulizozieleza ni kubwa na nadra. Yako pia mabadiliko madogo madogo ya jeni za ukarabati, kama vile XRCC1 na XPD, ambayo yamo kwa watu wengi sana wenye afya njema. Watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu kuona kama mabadiliko hayo huongeza hatari ya saratani ya damu. Matokeo yao hayakupatana: huyu ameona hatari kidogo, yule hakuona kitu. Kwa hivyo mwananchi asikubali kuuziwa hofu. Mtu akija na kipimo cha kulipia, akadai kwamba kwa tone la mate ataweza kumtabiria mtu saratani ya damu kwa kuangalia mabadiliko hayo madogo, ajue kwamba hiyo ni biashara tu. Walio wengi wanaopata saratani ya damu hawakuzaliwa na kasoro yoyote kubwa ya urithi, wala ugonjwa huo hauambukizi kwa kula pamoja, kulala pamoja au kuuguza.

SUALA LA NDOA ZA JAMAA

Hatuwezi kulikwepa suala hili, kwa kuwa ni letu. Zeroderma pigmentosamu na ugonjwa wa Fanconi hurithiwa, aghalabu, kwa njia ile ile ya selimundu, ambayo wananchi wengi wanaijua: mtu mwenye jeni moja mbovu na moja nzima haumwi, ila ni mbebaji, wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Na tufanye hesabu. Tuchukue babu mmoja aliyekuwa mbebaji. Wajukuu wake wawili, watoto wa ndugu, wakioana, nafasi ya kila mmoja wao kuwa amerithi jeni ile ni moja katika nne. Wote wawili pamoja, moja katika 16. Na mtoto wao kuwa mgonjwa, moja katika 64. Mjukuu huyo huyo akioa mtu asiye jamaa yake, katika jamii ambamo mtoto mmoja kati ya 5,000 ni mgonjwa na kwa hesabu ya kawaida mtu mmoja kati ya 36 hivi ni mbebaji, nafasi hiyo hushuka hadi moja katika 576 hivi. Tofauti yake ni mara tisa.

Hatusemi hayo kwa nia ya kuharamisha lililo halali, wala kuwavunjia heshima wazee waliooana kindugu na kuzaa watoto wema na wenye afya, nao ndio walio wengi. Tunasema ili wanaotaka kuoana wajue, na wanaowaoza wajue. Katika familia ambamo amekwisha kuonekana mtoto mwenye madoadoa ya jua au mwenye upungufu wa damu usioelezeka, busara ni kutafuta ushauri kabla ya kutoa posa nyingine ndani ya ukoo ule ule. Saudi Arabia tangu mwaka 2004 huwataka wachumba kupimwa selimundu na thalasemia kabla ya kufunga ndoa; Bahrain nayo ilitunga sheria ya upimaji mwaka huo huo. Nchini Saudi Arabia majibu hayawazuii wachumba kuoana. Huwapa habari, nao wakaamua. Hizo ni nchi za Kiislamu zilizoona kwamba kumkinga mtoto ambaye hajazaliwa ni katika amana.

YANAYOTUPASA

Hatudai kwamba kasoro ya Nzwani imekwisha kuonekana Unguja au Pemba. Tunalodai ni kwamba hapana kizuizi cha bahari baina ya Komoro na sisi. Marehemu Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi maarufu wa Unguja hadi kufa kwake mwaka 1925, alizaliwa Itsandraa, Ngazija. Na wangapi baina yetu ambao babu au bibi zao walitoka visiwa hivyo? Watu walikuja na elimu yao, na mashairi yao, na mapishi yao, na damu yao. Haitakuwa ajabu kama jeni nazo zilisafiri. Lililo ajabu ni kungoja mpaka mtoto afe ndipo tuulize.

Kwa hivyo twapendekeza kwa wahusika mambo yafuatayo.

La kwanza, wauguzi na wakunga wa vituo vya afya vya shehia wafundishwe kuitambua dalili. Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye madoadoa meusi katika sehemu zinazopigwa na jua, na anayeficha macho mchana, apelekwe kwa daktari wa ngozi bila ya kuchelewa. Ijulikane kwamba waliokosa XPC kwa kawaida hawaungui vikali na jua kama baadhi ya wagonjwa wenzao, na kwa hiyo wazazi huchelewa kushtuka. Wala wasichanganywe na ndugu zetu albino: albino hupungukiwa na rangi ya ngozi, ila mafundi wake wa DNA ni wazima.

La pili, kila mgonjwa aliyethibitishwa awe na kadi ya kupimwa hesabu ya damu mara kwa mara, bila ya malipo. Homa isiyokwisha na weupe wa viganja visiitwe malaria kwa mazoea. Visiwa hivi vimefanikiwa mno kuipunguza malaria, na sababu ya kuitupia kila homa imekwisha kudhoofika.

La tatu, mafuta ya kujikinga na jua. Katika Moshi, kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichopo KCMC kimekuwa kikitengeneza mafuta hayo kwa ajili ya albino. Njia hiyo hiyo yaweza kuwafikia watoto hawa. Mavazi yetu ya pwani, kanzu ndefu, kofia, mtandio na buibui, nayo ni kinga nzuri ikiwa kitambaa ni kizito. Kwa kuwa mtoto asiyeota jua hukosa vitamini D, apewe kwa ushauri wa daktari.

La nne, Wizara ya Elimu. Mtoto huyu ana akili timamu. Anaweza kusoma akikalishwa mbali na dirisha, akaruhusiwa kuvaa kofia na miwani darasani, na mchezo wake ukawa baada ya magharibi. Wafaransa huwaita watoto hawa watoto wa mwezi. Jina hilo ni zuri, lakini lisiwe sababu ya kuwafungia ndani wasijue kusoma wala kuandika.

La tano, daftari la saratani. Bila ya kuandikishwa kila mgonjwa, umri wake, aina ya saratani yake na, kwa siri ya kidaktari, ukoo wake, hatutajua kama saratani za damu za visiwa hivi zinafuata koo fulani, viwanda fulani au bahati tu. Aliyevuka bahari kwenda kutibiwa Dar es Salaam na kurudi asipotee katika hesabu zetu.

La sita, utafiti. Damu ya Wakomoro imewafundisha walimwengu jambo kubwa kuhusu kasoro ya XPC. Haki iliyopo ni kwamba elimu hiyo irudi ilikotoka. Anayetaka kuchukua damu ya wananchi wetu aeleze kwa lugha yao anachokitafuta, apate idhini yao, ashirikiane na madaktari wetu, na majibu yafike kwa familia, yasiishie katika majarida ya ng’ambo. Wizara ya Afya haitapungukiwa na kitu kwa kufungua mlango wa ushirikiano na wenzetu wa Komoro, ambao wamekwisha kupita njia hii kabla yetu.

Gharama yake si ya kutisha. Kofia, mafuta, kipimo cha damu, daftari na muuguzi aliyefundishwa: hivyo si vitu vya kungojea wafadhili. Kilicho ghali ni matibabu ya saratani ya damu yenyewe. Kupandikiza uboho huhitaji hospitali maalumu na fedha ambazo familia ya mvuvi au ya mkulima wa karafuu haiwezi kuzipata hata ikiuza shamba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto wenye kasoro hii wamezaliwa na nyufa ambazo mwili wao hauwezi kuziziba peke yake. Kazi hiyo imetuangukia sisi: wazazi, walimu, madaktari na Serikali. Tunawaomba wahusika wasiingoje bajeti ya mwakani ndipo waanze kuifikiria. Daftari la kwanza laweza kufunguliwa kesho asubuhi, katika kituo cha afya cha kwanza, kwa kalamu na karatasi.